Mbuzi Ambao Kabale Hakuwahesabu

Mwalimu Talaso,

Salaam aleikum. Ulikuwa unacheka nikikusalimu hivyo, mimi Mturkana wa kanisani pale Kiwanjani, ukisema naitamka kama mtu mwenye mahindi ya moto mdomoni. Leo usicheke. Leo nimekasirika, na sehemu ya hasira hiyo ni yako.

Nakuandikia ofisini. Ni saa saba mchana, wenzangu wameenda kula, na upepo wa Isiolo unagongagonga dirisha lile ambalo uliahidi kulitengeneza mwenyewe. Kiti chako wamekitoa. Walisema kimevunjika mgongo, kana kwamba hakikuwa kimevunjika miaka yote uliyokikalia. Mlangoni wametundika kibao kipya chenye jina la Taasisi na jina la chuo kikuu. Ndani tumebaki walewale wanne, birika lilelile, na kabati lako ambalo hakuna anayethubutu kulipanga. Na kiongozi wa utafiti wa Isiolo sasa ni mimi. Walinipigia simu kunipa nafasi yako kabla hata dada yako hajamaliza kugawa nguo zako, nami nikasema ndiyo kwa sababu sikujua jinsi ya kusema hapana nikiwa nalia.

Nianze na ripoti. Imetoka, Mwalimu. Nzuri kweli kwa macho, karatasi zinateleza, na kwenye jalada wameweka picha ya watoto wa ile shule ya upande wa Biliqo wakicheka mbele ya darasa la mabati. Kabale yuko mstari wa mbele, yule msichana wa gredi ya pili, na shingo yake ndefu. Mtu akiona jalada atadhani ndani kuna habari njema. Fungua sasa. Ndani imeandikwa kwamba watoto wa gredi ya pili wa shule hiyo, karibu wote, hawajui kuhesabu. Shule haijatajwa jina, wameiita shule namba fulani, lakini kwenye picha ya jalada jina limeandikwa ukutani nyuma ya watoto. Wasomi hao! Wameficha jina kwenye jedwali wakaliacha kwenye picha.

Hawajui kuhesabu. Nimelisoma hilo neno mara nyingi, kwa sababu najua lilitoka wapi. Lilitoka kwenye kidole changu.

Unaikumbuka siku ile kuliko mimi, lakini niache niiseme, maana sijawahi kuisema yote. Ulikuwa umenifundisha kazi kwa njia yako. Kaa kwanza, ulisema. Usimuulize mtoto kitu chochote kabla hujakaa kipindi kizima nyuma ya darasa, kwenye benchi lao, magoti yako yakigusa kidevu, mpaka wakuzoee kama walivyozoea ukuta. Nilikuwa nalalamika mgongo unauma. Halafu wakaja wale wa Nairobi na semina yao ya siku mbili hotelini, wakatupa tableti, na yule msimamizi mwenye sauti nyororo akatuambia, "Msibadilishe hata neno moja. Mkibadilisha neno, mmeharibu utafiti." Mimi niliandika maneno hayo kwenye daftari nikayapigia mstari. Wewe ulikuwa unakunywa chai.

Kwa hiyo nilipokaa na Kabale chini ya ukuta wa darasa, kwenye kile kivuli kidogo, nilikuwa nimeshika tableti kama mtu aliyeshika yai. Swali la kwanza la hesabu likatokea. Picha ya mbuzi ndani ya boma. Nikasoma kama ilivyoandikwa: "Hesabu mbuzi hawa, ukiwaonyesha mmoja mmoja kwa kidole."

Kabale akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akaficha mikono yake chini ya mapaja.

Sekunde tano zikapita, tableti ikawa nyekundu, nikabonyeza sifuri kama tulivyofundishwa. Ikaja picha ya ng'ombe. Mikono bado chini ya mapaja. Sifuri. Ngamia, sifuri. Punda, sifuri. Na sheria ya ile mashine ni kwamba mtoto akikosa maswali manne mfululizo, inafunga hesabu yote, haimuulizi tena kujumlisha wala kutoa wala nini. Ikafunga. Ikaniletea alama ya kushukuru, eti asante, endelea na sehemu inayofuata.

Ulikuwa umesimama nyuma yangu. Ulikohoa kile kikohozi chako cha darasani, kisha ukasema polepole, "Akiru. Huyu mtoto hajashindwa. Amekataa."

Mimi nimezaliwa Kiwanjani, mbuzi niliowajua ni wa jirani waliokula sabuni yetu. Wewe ndiye uliyenieleza, pale pale, kwamba nyumbani kwao hakuna mtu anayemwonyesha mnyama kidole akimhesabu. Kuhesabu mifugo hivyo ni kuwaitia maradhi na fisi. Mtoto akijaribu hupigwa mkono kabla hajajua hata kusema vizuri. Ukaokota mawe madogo, ukayamwaga mbele yake, ukamwambia kwa Kiborana ahesabu. Kabale akahesabu. Akamaliza yale yaliyokuwepo, akaenda kuokota mengine mwenyewe, akafika mia moja, akakuangalia kama anayeuliza aendelee mpaka wapi. Akajumlisha. Akagawa mawe kwa watu watano wa nyumbani kwao na yaliyobaki akasema ni ya mgeni, akanisukumia.

Na mimi nikasema nini? Nilisema, "Mwalimu, mashine haina mahali pa kuandika mawe."

Ukayaandika kwenye daftari lako la jalada la bluu, jina lake, gredi yake, mawe, mia moja. Tukaendelea na watoto wengine, na kila mtoto alipoficha mikono mimi nilibonyeza na wewe uliandika, mimi kwa mashine, wewe kwa kalamu, siku nzima. Jioni tukiondoka tulimkuta Kabale kwenye lango la boma mbuzi wakiingia, anawaangalia tu bila kusogeza mdomo, halafu akamwambia mama yake wawili hawapo, yule mwenye sikio lililokatwa na mwanawe mweusi. Na kweli hawakuwepo. Ulinigusa bega tu. Ungesema, Mwalimu. Ungenifokea. Nilihitaji kufokewa siku ile.

Ndani ya gari uliniambia, "Intala, usijali, nitaenda Nairobi mwenyewe niwaambie." Ulikuwa unaniita hivyo, msichana, hata mbele ya madokta. Mkutano wa Nairobi ulikuwa umepangwa. Ulikuwa umeshashona na buibui mpya. Kisha presha ikakuchukua Jumatano, wiki moja kabla ya safari.

Nilifika kwenu Kulamawe nimejifunga kichwani kitambaa cha kuazima, wanaume wakiwa wameshakupeleka makaburini. Nilikaa uani na wanawake. Dada yako akanipa chai ya maziwa ya ngamia, akaniambia kwamba siku mbili kabla ya kufa ulikuwa unanitaja, unasema Akiru apewe daftari. Nililipokea kwa mikono miwili. Nilipiga picha kurasa zote nikamtumia Dokta Wambua, yule mkuu wetu wa Nairobi, pamoja na maelezo marefu. Alijibu siku hiyohiyo. "Pole sana kwa msiba. Maelezo tumeyaona." Nikajua yameingia. Kumbe kuonwa ni kuonwa tu. Kwenye ripoti nzima hakuna jiwe hata moja.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikuandikie.

Mwezi uliopita walinituma Biliqo kurudisha matokeo kwa wazazi. Ndiyo utaratibu mpya, eti jamii iliyochunguzwa isikie ilichoonekana nacho. Jambo zuri, na wewe ndiye uliyelipigania. Nikapewa karatasi moja ya kusoma, na agizo kwamba nisome tu kilichoandikwa. Mwalimu mkuu, Bwana Galgalo, alikuwa amewakusanya watu wengi, wanawake upande huu, wazee upande ule. Alikuwa amevaa koti. Mimi nikasoma, yeye akatafsiri, na nilisikia sauti yake ikishuka kadiri alivyokuwa anatafsiri, kwa sababu alikuwa anawatangazia wazazi kwamba kazi yake ya miaka ni bure.

Mama yake Kabale akasimama. Unamjua, yule mrefu, mwenye ushanga wa bluu. Alisema kwa Kiswahili ili nisikie bila kutafsiriwa: "Miaka mbili huyu mtoto ameenda shule. Miaka mbili mimi nabeba maji peke yangu. Kama hata kuhesabu hajui, wacha arudi kwa mbuzi. Mbuzi angalau zinamjua."

Wanawake wengine wakaitikia. Nami nilikuwa na daftari lako ndani ya mkoba, Mwalimu. Lilikuwa hapo, linanigusa mguu. Ningelitoa. Ningesoma jina la Kabale na mawe mia moja mbele ya kila mtu, na Bwana Galgalo angetafsiri kwa sauti yake ya kawaida. Nilikunja karatasi, nikashukuru wazazi kwa muda wao, nikapanda gari. Nimesema ukweli wote, sasa unajua. Niliogopa kufukuzwa kazi niliyoipata kwa sababu wewe umekufa.

Wiki mbili baadaye Bwana Galgalo akanipigia simu. Hakunilaumu, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Alisema tu kwamba Kabale ameondolewa shule, na wasichana wengine wawili. Kabale amepelekwa fora, kule mbali mifugo inakofuata majani, pamoja na kaka zake. "Nilikuwa naye kama mwanafunzi wangu wa kwanza kwa hesabu, Madam," akasema. "Sasa sijui niambie wengine nini."

Nikapanda lori la Merti, linalopitia Biliqo, Jumamosi, bila kumwambia mtu, bila gari la Taasisi. Nikafika kwa mama yake Kabale nimejaa vumbi mpaka kwenye meno. Nikamwambia yote. Kwamba mimi ndiye niliyebonyeza. Kwamba mashine ilimtaka mtoto ahesabu mbuzi kwa kidole. Aliweka chini kibuyu alichokuwa anakiosha kwa moshi, akaniuliza:

"Kwani hiyo mbuzi ya picha haina mwenyewe?"

Nilitoa daftari lako mkobani.

Nikamwomba amrudishe Kabale. Nikamsomea daftari lako. Akasikiliza, na nilipotaja mawe ya mgeni alicheka kidogo, nikadhani tumemaliza. Hatukumaliza. Akasema, "Karatasi yenu ilisema mtoto wangu hajui, mbele ya watu. Sasa karatasi ingine ya hao hao iseme anajua, mbele ya watu hao hao. Maneno ya mdomo nimeshiba." Nikamwambia daftari lako ni karatasi. Akasema Talaso alikuwa mtu wao, na mtu wao lazima atawasifu. Anataka walioandika vibaya waandike vizuri. Na ana haki, Mwalimu! Ningekuwa yeye ningetaka hivyohivyo.

Basi nikampigia Dokta. Nilikuwa nimejiandaa, nimeandika hoja zangu kwenye kiganja. Akanisikiliza kwa upole ule wake wa kuchosha. Kisha akasema ripoti ikishachapishwa imechapishwa, kwamba haya ni mafunzo mazuri sana kwa awamu ijayo. Mafunzo mazuri! Mtoto wa miaka minane yuko porini na mbuzi, na yeye amepata mafunzo. Taasisi imeanzishwa kuchunguza jinsi watu wanavyojifunza, na yenyewe inajifunza kwa kuwamaliza watoto wa wengine. Nilimwambia karibu hivyo. Ndipo akasema, "Akiru, hizo picha hamkuletewa tu. Mlizipitisha wenyewe huko Isiolo. Angalia faili."

Nikaangalia faili. Nilifungua kabati lako kwa mara ya kwanza.

Fomu ya kupitisha picha iko hapa mbele yangu sasa, chini ya hiki kikombe ili upepo usiichukue. Ukurasa mmoja. Juu imeandikwa kwamba picha za maembe na matofaa zimeondolewa na kuwekwa za mifugo, kwa ushauri wa Mwalimu Talaso, ili watoto wa wafugaji waulizwe juu ya vitu vya nyumbani kwao. Katikati kuna picha zote nne. Chini ya kila picha, kwa herufi ndogo, maneno yale: ukiwaonyesha mmoja mmoja kwa kidole. Na chini kabisa sahihi yako, ile ndefu yenye mkia, niliyoijaribu kuiga nikiwa mgeni hapa ili mwandiko wangu uonekane wa mtu mkubwa.

Wewe! Wewe ndiye uliyewaambia matofaa ni ujinga, nakumbuka ulivyokuwa ukiwakejeli, mtoto wa Biliqo ameona tofaa wapi. Wakakusikiliza, wakakuletea mbuzi. Na wewe, mtoto wa Kulamawe, uliyepigwa mkono kama Kabale, ukatia sahihi.

Ulisoma kweli? Ulikuwa umechoka? Uliona picha ukafurahi, hukufika kwenye herufi ndogo? Ama ulidhani mbuzi wa karatasi si mbuzi, mtoto wa shule ataelewa? Nimekuuliza kwa sauti hapa ofisini, peke yangu, kama mwendawazimu. Nilipiga meza. Nilikulaumu kwa maneno ambayo sitayaandika. Miezi yote hii nimekuwa nikijiona mimi ndiye mpumbavu na wewe ndiye uliyejua, na kumbe siku ile nyuma yangu, ulipokohoa, ulikuwa umeshajua kosa limetoka kwako. Ulisema amekataa. Hukusema, "Nilikosea mimi."

Labda ndiyo maana ulitaka kwenda Nairobi mwenyewe. Labda ndiyo maana hukunifokea. Ungekuwa hai ningekushika hapo hapo tukagombana, ungenipa chai, ungesema "Intala, hata mimi ni mtu", yangeisha. Sasa nagombana na sahihi.

Dokta Wambua anakuja kesho asubuhi. Anakuja kwa awamu ya pili, na ameniandikia kwamba tutazungumzia pia "suala la Biliqo". Najua atakachosema. Atasema mtu wa eneo alipitisha, kwa hiyo Taasisi haina kosa, kwa hiyo hakuna karatasi ya kumwandikia mama wa mtu. Na ukurasa huu ndio shahidi wake pekee. Nilimuuliza kwa ujanja kama wana nakala Nairobi, akasema nakala halisi iko kwetu, wao wana orodha tu kwamba ilipokelewa.

Unaona ninachofikiria. Jiko la chai liko hapo. Ukurasa huu ukiungua, hakuna mtu duniani atakayejua kwamba Mwalimu Talaso alikosea. Wanafunzi wako wote walioko Isiolo, wale wanaosimama njiani kunisalimia kwa sababu tu nilikuwa nakubebea mkoba, wataendelea kukutaja vilevile. Nilishauchukua. Nilikwenda nao mpaka jikoni.

Nimerudi nao, Mwalimu. Nisamehe. Nikiuchoma, nitakuwa nimewafundisha watu wa Biliqo kwamba makosa hufichwa na wakubwa na hulipwa na watoto, na hilo wanalijua tayari bila msaada wangu. Kesho nitauweka mezani mimi mwenyewe kabla Dokta hajauliza. Nitamwambia alikosea mwalimu wangu hapa, nami nikakosea pale, na ninyi mkakosea mlipoliona daftari mkalifunga. Sisi wote tuna sahihi mahali. Kabale peke yake ndiye hana, na yeye peke yake ndiye ameondolewa. Kisha nitamwomba aandike barua moja, fupi, kwa jina la Taasisi, yenye muhuri, kwamba mtoto huyu anajua kuhesabu na sisi hatukujua kuuliza. Na sitatia sahihi kitu chochote cha awamu ya pili kabla barua hiyo haijakauka wino.

Anaweza kunifukuza. Kodi ya nyumba pale Kiwanjani hailipwi kwa ujasiri, na mama ananitegemea. Lakini nimeshaondoka Biliqo mara moja na ukweli ndani ya mkoba, siwezi mara ya pili.

Kwa hiyo ahadi yangu ni hii, na naiandika ili nisiikimbie. Akinipa barua, Jumamosi nitaisoma mbele ya wazazi wale wale, nimesimama mahali pale pale. Asiponipa, nitaenda vilevile, kazi iwepo isiwepo. Nitaandika karatasi yangu kwa mkono wangu na jina langu lote, nitaisoma, na mama yake Kabale akiikataa nitamwomba anionyeshe njia ya fora, nikamwambie Kabale mwenyewe. Na jina lako nitalitaja pia. Nitasema ulikuwa mwalimu bora kuliko wote niliowajua, na kwamba ulitia sahihi. Yote mawili, kwa sauti moja.

Bado nimekukasirikia. Bado kila asubuhi nikifungua mlango natazama kama umeshafika. Mungu akulaze pema, Mwalimu, na kama huko kuna mtu wa kuombwa samahani, anza wewe kwa upande wako. Mimi naanza kesho saa tatu.

Akiru wako